Rangi ya Tanga: Nguo, Bendera na Usomaji wa Maandishi ya Kasongo

1. Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, tanga limezoeleka kusomwa kama ishara. Chombo huchukuliwa kuwa nchi, au nafsi ya mtu, au unyumba. Nahodha huwa mtawala au akili. Mawimbi huwa misukosuko ya dunia. Tanga nalo, ambalo aghalabu husemwa kuwa ni jeupe, hufasiriwa kuwa matumaini, usafi wa nia au uhuru. Usomaji huo una mizizi. Tangu enzi za Muyaka wa Mombasa, mshairi wa nusu ya kwanza ya karne ya 19, watunzi wa pwani wamekitumia chombo kusema yale yasiyosemeka waziwazi, na wasikilizaji wao wakaelewa. Haipo sababu ya kuutupa urithi huo.

Lipo hata hivyo swali ambalo usomaji wa ishara hauliulizi: tanga lilipata wapi rangi yake? Mhakiki hurukia maana ya weupe kabla ya kuuliza kama tanga lilikuwa jeupe kweli, kama kulikuwa na nafasi ya kuchagua rangi nyingine, na kama aliyechagua ndiye aliyelipa gharama ya uchaguzi huo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa rangi ya tanga ni suala la nguo kabla ya kuwa suala la ishara, na kwamba mhakiki asiyeijua nguo hukosea hata katika ishara.

Mahali pa kulipimia swali hili ni Kasongo, kusini mwa Maniema, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Uteuzi huo waweza kumshangaza msomaji. Kasongo haina bahari. Mto wake ni Lualaba, na huko watu walisafiri kwa mitumbwi ya kupiga kafi. Lakini Kasongo ni mji uliojengwa kwa nguo. Kila robota la kitambaa lililofika huko kutoka pwani lilikuwa limekwisha kupita chini ya tanga: kwanza katika Bahari ya Hindi, kisha mara nyingi katika Ziwa Tanganyika. Ni hapo, mbali na upepo wa bahari, ambapo nguo ya tanga huonekana bila pazia la mandhari ya pwani.

2. Tanga na kazi yake

Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Tanga pia limeundwa. Nguo hupimwa, hukatwa vipande virefu, vipande hushonwa pamoja kwa mkono, kisha ukingo wote huzungushiwa kamba iitwayo dasi ili upepo usiuchane. Ndipo tanga hufungwa kwenye foromali na kutwekwa mlingotini. Kabla ya pamba ya viwandani kuenea, mtepe wa mwambao wa kaskazini ulitumia tanga la mraba lililosukwa kwa majani ya mkindu au ya mwaa, kama mkeka. Rangi yake ilikuwa rangi ya majani makavu. Hakuna aliyeichagua, ilikuja na kitu chenyewe.

Hali haikubadilika sana pamba iliposhika nafasi ya mkeka. Matanga ya majahazi na mashua yalishonwa kwa vitambaa vya pamba visivyotiwa rangi, hasa marudufu, ambacho ni kitambaa kizito, na merikani. Jina la pili linajieleza. Baada ya Seyyid Said kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, kitambaa cha viwanda vya Massachusetts kilimiminika Unguja, na wenyeji wakakiita kwa jina la nchi kilikotoka. Kitambaa hicho si cheupe. Kikiwa kipya kina rangi ya mchanga mkavu. Kikipigwa na jua na chumvi huelekea kijivu, na kila kiraka kipya huonyesha umri wa kiraka cha zamani. Weupe wa tanga ni weupe wa mbali. Ni jicho la mtu aliye ufukoni, si la baharia aliyelishika mkononi.

Mfano wa nje ya Afrika Mashariki unasaidia kulielewa jambo hili. Katika bahari za kaskazini mwa Ulaya, wavuvi na mabaharia wa vyombo vya mizigo walichemsha magome ya miti, wakachanganya na udongo mwekundu na mafuta, wakayapaka matanga yao. Matanga yakapata rangi ya kahawia iliyoiva au nyekundu ya kutu. Rangi hiyo haikukusudiwa kupendeza. Ilikuwa dawa ya kuzuia nguo isioze. Leo wenye mashua za starehe huko Ulaya na Marekani hutumia nguo za sintetiki ambazo haziozi kama pamba au kitani, wala hazihitaji gome la mti. Hata hivyo, anayemiliki mashua ya mtindo wa kale mara nyingi huagiza nguo ya rangi ileile ya kahawia, kwa kuwa tanga jeupe huonekana haliafikiani na umbo la chombo chake. Kazi imeondoka, rangi imebaki. Kilichokuwa dawa kimekuwa pambo, na pambo hilo hudai heshima ya kazi ambayo halifanyi tena.

Hilo ndilo linalotokea pia kwa tanga jeupe la jalada la kitabu na la picha ya mtalii. Weupe uliotokana na ukosefu wa rangi husifiwa kana kwamba ni rangi iliyochaguliwa. Mhakiki anaposema tanga jeupe ni usafi, huwa amelitazama tanga kwa jicho la mnunuzi wa mashua ya starehe.

3. Njia ya Kasongo

Njia kuu iliyoilisha Kasongo katika nusu ya pili ya karne ya 19 ilianzia Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji. Kutoka Ujiji mizigo ilivushwa Ziwa Tanganyika hadi Mtowa, upande wa magharibi, kisha ikafuata nchi kavu kupitia Kabambare hadi Kasongo na Nyangwe. Ziwani mitumbwi ilitumika, na vyombo vya tanga vilevile. Katika nchi kavu hapakuwa na tanga wala punda wa kutosha. Palikuwa na vichwa na mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliolipwa kwa nguo ili wabebe nguo.

Msamiati wa biashara hiyo ni hazina ambayo uhakiki haujaitumia ipasavyo. Nguo ilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka. Shuka mbili ni doti. Kitambaa kizima ni jora. Mzigo wa nguo uliofungwa kwa ajili ya mpagazi uliitwa mtumba. Neno hilo halikufa: leo Afrika Mashariki nzima huita mitumba nguo kuukuu zinazoletwa kwa marobota kutoka ng'ambo. Neno lililotaja mzigo wa mtu sasa lataja nguo iliyokwisha kuvaliwa na mwingine. Mwanafunzi anayelitumia sokoni hana habari kwamba anatamka neno la misafara.

Biashara hiyo ilidai ujuzi wa rangi kuliko ujuzi mwingine wowote. Wasafiri walioandika habari zake, akiwamo Richard Burton katika kitabu chake cha mwaka 1860, waliorodhesha aina nyingi za nguo na shanga zenye majina yake. Kulikuwa na kaniki, iliyotiwa nili ikawa ya buluu iliyokoza karibu na weusi. Kulikuwa na barsati, debwani na sahari, zenye milia na tarizi. Kulikuwa na shanga nyekundu zilizoitwa samesame. Mfanyabiashara aliyebeba rangi isiyopendwa katika nchi aliyoiendea aliweza kushindwa kununua hata chakula cha watu wake. Kwa hiyo haiwezekani kusema kuwa watu wa njia hiyo hawakujali rangi. Walijali mno. Katika nguo ya kuuza, rangi ilichaguliwa kwa uangalifu wa mtu anayechagua silaha.

Hapo ndipo ukimya wa tanga unapoanza kuzungumza. Jamii iliyojua majina ya rangi na milia mingi kiasi hicho haikuacha tanga bila rangi kwa sababu ya kutojua. Inaelekea sababu ilikuwa ya hesabu. Nili hugharimu, wala haiongezi nguvu ya nguo mbele ya upepo. Tena merikani isiyotiwa rangi ilikuwa karibu sawa na fedha: ilipokelewa katika nchi nyingi, ilikatika kwa vipimo vinavyojulikana, na iliweza kugeuzwa vazi, sanda, hema, ujira au hongo. Tanga lilikuwa sehemu ya mali hiyo iliyotundikwa juu ya mlingoti kwa muda.

4. Ukimya wa Tippu Tip

Andiko kuu la Kiswahili linaloihusu Kasongo ya wakati huo ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe Unguja mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hati za Kiarabu, kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode. Yalichapishwa Berlin kwa hati za Kirumi, na baadaye Whiteley akayatoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwandishi wake alifariki Unguja mwaka 1905. Kitabu hiki huhesabiwa miongoni mwa misingi ya nathari ya Kiswahili, na husomeshwa aghalabu kama chanzo cha historia au mfano wa tawasifu.

Mtindo wake unajulikana. Ni nathari ya mtu anayetoa hesabu: siku za mwendo, frasila za pembe, bidhaa zilizokopwa kwa wafanyabiashara wa Unguja, idadi ya bunduki, nani alishinda na nani alikimbia. Mandhari hayaelezwi kwa mapambo. Msomaji anayetafuta humo rangi ya tanga, au sura ya ziwa alfajiri, hatapata maelezo ya kumtosheleza. Wapo watakaouita upungufu wa kifani. Hukumu hiyo si ya haki, kwa kuwa inaipima tawasifu ya mfanyabiashara kwa kanuni za kitabu cha safari cha Mzungu, ambaye aliandika kwa ajili ya wasomaji wasiopata kuona nchi aliyoieleza. Tippu Tip hakuwa na haja ya kumweleza msomaji wake wa Unguja jinsi tanga lilivyo.

Lakini ukimya huo pia si wa kusifiwa bila kupimwa. Nathari inayohesabu vitu hutoa nafasi ndogo kwa watu waliohesabiwa pamoja na vitu. Nguo huingia katika masimulizi kama thamani. Mikono iliyoibeba hutoweka. Mwaka 1871 Livingstone, aliyekuwa amekaa muda mrefu Kabambare, mahali alipopaita Bambarre, alishuhudia mauaji ya mamia ya watu sokoni Nyangwe, soko ambalo wengi wa wauzaji wake walikuwa wanawake. Hiyo ndiyo nchi ambayo baadaye ilitawaliwa kutoka Kasongo. Mhakiki akiyasoma Maisha kwa kusifu ufupi wa sentensi zake peke yake, bila kuuliza ufupi huo unapita juu ya nini, anakuwa kama mtu anayesifu mshono wa tanga bila kuuliza chombo kimepakia nini.

5. Bendera: pale uchaguzi wa rangi ulipofanyika

Iko nguo moja iliyotundikwa mlingotini ambayo rangi yake ilichaguliwa kweli, ikajadiliwa, na ikaandikwa katika mkataba. Nguo hiyo ni bendera.

Bendera ya Sultani wa Unguja ilikuwa nyekundu tupu, isiyo na alama. Wekundu huo uliingia katika lugha yenyewe: katika Kiswahili cha biashara, neno bendera lilitaja pia kitambaa chekundu cha pamba, hata kama hakikushonewa bendera. Mtu aliweza kununua mikono kadhaa ya bendera, akaivaa. Ni nadra kuona kwa uwazi namna hii jinsi lugha inavyounganisha mamlaka na duka. Rangi ya dola ilikuwa jina la bidhaa.

Mwaka 1886 Tippu Tip alirejea Unguja akitaraji kuungwa mkono na Seyyid Barghash. Katika Maisha anasimulia jinsi Sultani alivyomjibu kwa kukata tamaa: hana tena tamaa ya bara, kwa kuwa Wazungu wanataka kumnyang'anya hata Unguja yenyewe. Mwaka huohuo Uingereza na Ujerumani zilipatana kuubana utawala wa Sultani bara katika ukanda wa maili kumi za pwani. Tarehe 24 Februari 1887 Tippu Tip alitia saini Unguja mkataba ulioletwa na Stanley kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Akawa wali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, na miongoni mwa masharti lilikuwamo la kuitweka bendera ya Dola Huru ya Kongo, yaani ya buluu yenye nyota ya dhahabu. Siku iliyofuata alisafiri kwa meli ya moshi iitwayo Madura, akalizunguka bara la Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa mto Kongo.

Tukio hili lina uzito wa kifasihi ambao haujatumiwa. Mtu ambaye nguvu zake zilijengwa na njia ya mashariki, njia ya tanga na mabega, anaingia katika nchi yake mwenyewe kutoka magharibi, katika chombo kisichohitaji tanga, akichukua bendera isiyo yake. Chaguo lilikuwa la rangi mbili, nyekundu na buluu, na zote mbili zilikuwa rangi za wengine. Sultani aliyekuwa na nyekundu alikuwa amekwisha kuivua bara. Mfalme aliyekuwa na buluu hakuwa na nia ya kumwachia wali huyo dola. Tippu Tip aliondoka Kongo mwaka 1890. Miaka mitatu baadaye, tarehe 22 Aprili 1893, majeshi ya Dola Huru yakiongozwa na Dhanis yaliiteka Kasongo.

Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa pamoja na majeshi hayo, alieleza utajiri walioukuta mjini, hata askari wa kawaida wakalalia magodoro ya hariri na atlasi. Maelezo hayo yamenukuliwa mara nyingi kama ushahidi wa fahari ya Waarabu wa Kongo. Yafaa yasomwe upya. Hariri ile ilikuwa imekwisha kuvuka bahari na ziwa chini ya nguo isiyotiwa rangi, na nchi kavu juu ya vichwa vya watu walioruhusiwa kuvaa nguo isiyotiwa rangi. Rangi zote za Kasongo zilibebwa na kitu kisicho na rangi.

6. Tanga na vazi la mtumwa

Hapa ndipo hoja kuu ya makala haya ilipo. Katika miji ya pwani na visiwani, merikani ilikuwa pia vazi la watumwa na la maskini. Mwanamke mtumwa alijifunga merikani, au merikani iliyotiwa nili, ambayo ilihesabiwa kuwa kaniki. Kuelekea mwisho wa karne ya 19, na hasa baada ya amri ya mwaka 1897 iliyofuta hali ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba, wanawake wengi waliziacha nguo hizo wakachukua kanga, zenye rangi na nakshi. Kuvaa rangi kulikuwa kutangaza kuwa mtu hana bwana.

Kwa hiyo tanga na vazi la mtumwa vilitoka katika jora moja. Mhakiki anaposema tanga jeupe ni uhuru, anaipa maana ya uhuru nguo ambayo, ikishushwa mlingotini na kufungwa kiunoni, ilimtambulisha mtu asiye huru. Si lazima ishara ile ifutwe kwa sababu hiyo. Inalazimika tu kubeba uzito wake wote. Mshairi wa leo anayeandika juu ya tanga jeupe ana haki ya kulifanya tumaini, lakini msomaji anayeijua nguo atasikia pia sauti ya pili, na shairi zuri litaistahimili sauti hiyo.

Huko Kasongo jambo hili lilichukua sura nyingine. Watu wa bara walioingia katika mfumo wa misafara, wengi wao wakiwa wametekwa au wametolewa kwa mabwana tangu utotoni, walijiita waungwana pale walipopata bunduki, dini na vazi la pwani. Kanzu nyeupe, nguo iliyooshwa na kushonwa kwa kipimo cha mwili, ilikuwa kinyume cha shuka la merikani lililofungwa tu. Weupe wa namna moja ulimtoa mtu katika weupe wa namna nyingine. Mtu asiyetofautisha weupe hizo mbili hawezi kueleza kwa nini lugha iliyozaliwa huko iliitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana, na watu ambao pwani ingaliwaita watumwa.

7. Lugha inayodhaniwa imechujuka

Suala hili linagusa moja kwa moja idara za Kiswahili. Kwa muda mrefu Kiswahili cha mashariki ya Kongo kimetajwa vitabuni kama lugha iliyopungukiwa: upatanisho wa ngeli umelegea, msamiati umechanganyika, lafudhi imepotoka. Picha inayojificha nyuma ya maelezo hayo ni ya nguo. Kiswahili cha pwani ni kitambaa kipya chenye rangi iliyokoza, na kila hatua kuelekea bara ni dobi mwingine anayekichujua. Kasongo na Kabambare, ambazo Kiswahili chake huhesabiwa kuwa karibu zaidi na cha pwani kuliko kile cha Lubumbashi, husifiwa kwa kipimo hichohicho: kwamba rangi haijachujuka sana.

Kipimo hicho kinakosea kwa namna ileile ambavyo usomaji wa tanga jeupe unakosea. Kinaichukua hali ya kitu bila kuuliza kazi yake. Merikani iliyoshonwa tanga haikuwa merikani iliyoharibika kwa kuwa haikuwa kanzu. Kiswahili cha Maniema kilipewa kazi yake: kuunganisha makabila njiani, sokoni, msikitini, kambini, na baadaye katika reli na migodi. Leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo, na mwanamke wa huko hununua kikwembe, si kanga, bila kuhisi kwamba amepungukiwa na neno.

Mfano wa neno matanga unafaa kutajwa kwa tahadhari. Pwani, matanga ni msiba, siku za kukaa pamoja na wafiwa, na watu husema kuanua matanga wanapozimaliza. Neno hilohilo kwa maana ya mkesha wa msiba husikika pia Kongo, hata katika Kilingala, kwa watu ambao hawajapata kuona tanga la chombo. Kama matanga ya msiba na matanga ya vyombo yana asili moja, ufanano wa sauti peke yake hauwezi kuthibitisha, na njia ya neno hilo kufika katika lugha kadhaa haiwezi kukisiwa kwa mapenzi ya pwani. Ila jambo moja liko wazi: maneno husafiri na kupata kazi mpya bila kuomba ruhusa ya mahali yalikotoka.

Yenyewe Kasongo ya Tippu Tip haiko tena ilipo Kasongo ya leo. Mahali pa mji wa kale paitwa Tongoni, neno la Kiswahili litajalo mahali palipohamwa, na ndilo pia jina la magofu yaliyo karibu na mji wa Tanga, nchini Tanzania. Wanaakiolojia, wakiwamo Wakongo, wamefanya utafiti hapo katika miaka ya karibuni, wakiunganisha uchimbuaji na kumbukumbu za wakazi. Nguo haidumu ardhini kama shanga na vigae. Itakayobaki kuitolea ushahidi nguo ya Kasongo ni lugha, na kwa sababu hiyo msamiati wake wastahili kukusanywa na wenyeji wenyewe kabla haujapimwa kwa kamusi sanifu na kuhukumiwa.

8. Pingamizi na hitimisho

Pingamizi mbili zinaweza kutolewa dhidi ya hoja hizi. Ya kwanza ni kwamba ishara ya fasihi ina maisha yake, haifungwi na historia ya kitu inachokitaja. Mtunzi anaweza kuandika juu ya tanga jeupe bila kuwaza merikani. Hilo ni kweli. Lakini kazi ya mhakiki si kuwaza tu alichowaza mtunzi. Lugha ya mtunzi ilitangulia kuwako, na neno lililowahi kutaja bidhaa, ujira na vazi haliwi tupu kwa sababu mtumiaji wa leo amesahau. Pingamizi ya pili ni kwamba ukimya wa andiko, kama ule wa Maisha, hauwezi kugeuzwa ushahidi. Hilo pia ni kweli, na ndiyo sababu makala haya hayakudai kwamba Tippu Tip alificha rangi ya matanga yake. Yaliyodaiwa ni kwamba mtindo wa hesabu una mipaka, na kwamba mipaka hiyo ni sehemu ya maana ya kitabu.

Kwa mwanafunzi anayekutana na tanga katika shairi, riwaya au tawasifu, maswali matatu yatangulie lile la ishara. Nguo hii ilifumwa wapi, na iliitwaje? Nani aliibeba, na yeye alivaa nini? Uchaguzi wa rangi, kama ulikuwapo, ulikuwa wa nani? Majibu mara nyingine yatathibitisha kwamba tanga lile ni tumaini. Mara nyingine yataonyesha kwamba aliyetumaini ni mwenye chombo peke yake. Masomo ya Kiswahili, ambayo kwa miaka mingi yameitazama Kasongo kutoka ufukoni, yangefaidika kuyauliza maswali hayo huko Kasongo kwanza, kwa Kiswahili cha huko, kwa watu ambao wazee wao waliijua nguo hiyo kwa uzito wake mabegani.